Kumuuguza Asiyepona: Ukweli, Sala na Dawa Katika Nyumba Moja

Waheshimiwa wachungaji, wauguzi wenzangu na ndugu zangu wote wa Mbeya,

Nimeombwa nizungumzie kuishi na ugonjwa usiopona, nami naanzia Isaya sura ya 38, kwa sababu habari za mfalme Hezekia zinagusa swali ambalo familia nyingi huniuliza mlangoni, kwa sauti ya chini, ili mgonjwa asisikie: tumwambie au tumfiche? Nabii alimwambia waziwazi kwamba atakufa, na kwamba atengeneze mambo ya nyumba yake. Hezekia akageukia ukutani, akaomba, akalia sana. Akaongezewa miaka 15, na nabii yuleyule akaagiza jipu lake liwekewe mkate wa tini. Ukweli, machozi, sala na dawa vimo katika sura moja.

Si kila aombaye huongezewa miaka. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusambaa, aliyepewa mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kisha akarudi kwake Rungwe, anaujua mwili wake kuliko tunavyodhani. Tukimficha, tunamnyima nafasi ya kusema nani atamlea mjukuu, deni la kikoba limebaki kiasi gani, na wimbo gani uimbwe siku ya maziko yake. Yeye hutabasamu ili asituumize, nasi hutabasamu ili asijue, na hivyo anabaki mpweke katika nyumba iliyojaa watu.

Cicely Saunders, muuguzi wa Uingereza aliyesomea udaktari baadaye na kufungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiopona, jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii ni ya mwili, ya moyo, ya mahusiano na ya roho kwa pamoja. Ndiyo maana siafiki kabisa wanaosema kwamba kumeza mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali, ni kupungukiwa imani. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, hata kama maumivu hayajarudi, kwa kuwa kazi yake ni kuyazuia yasirudi. Hupimwa kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, na kwa kuwa hufunga choo, dawa ya kulainisha choo huanza nayo. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, haimfanyi mgonjwa kuwa teja wala haiharakishi kifo. Aliyetulizwa maumivu huweza kufuatilia sala hadi mwisho.

Liko jambo la kwetu ambalo vitabu vya uuguzi havilitaji. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mkamwana humkwepa baba mkwe wake. Basi mzee akishindwa kuinuka, nani atamwogesha? Nashauri vijana wa kiume wafundishwe mapema: maji ya uvuguvugu, upande mmoja kwa wakati, mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2, na visigino na kitako vikaguliwe kama ngozi imeanza kuwa nyekundu. Kijana anayeona aibu siku ya kwanza huzoea upesi kuliko anavyotazamia.

Na jumuiya, ambayo huja kuimba na kuomba kisha ikaondoka, imwache mtu mmoja akeshe, ili mke au binti anayeuguza apate kulala. Wazee wa kanisa mliomo humu mnaweza kuipanga zamu hiyo kuanzia Jumapili hii.