Miriam Makeba na Uhuru wa Masharti

Ndugu zangu, wengi wetu tulimjua Miriam Makeba kwa kusikia akiimba Malaika, tukamwita Mama Afrika, tukaishia hapo. Leo naomba tumtazame kama mwanamke aliyetaka kuamua mambo yake mwenyewe. Kwao alinyimwa nafasi hiyo, na huko alikopokelewa alipewa kwa masharti.

Alizaliwa Johannesburg mwaka 1932. Alikuwa na umri wa siku 18 mama yake alipokamatwa kwa kupika pombe ya kienyeji. Faini ilikosekana, basi mama na kichanga wakafungwa miezi sita. Baadaye aliolewa akiwa msichana mdogo, na mume huyo alikuwa akimpiga. Kwa hiyo makaburu hawakuwa peke yao katika kumkandamiza, na tukisimulia habari zake tusiliruke hilo.

Alitoka nchini mwaka 1959. Mwaka uliofuata mama yake alifariki. Makeba akaenda ubalozi mdogo wa Afrika Kusini mjini New York, akatoa pasipoti yake ili arudi kuzika. Ofisa akaigonga muhuri wa kuibatilisha. Mama akazikwa bila yeye. Mwaka 1963 alipotoa ushahidi dhidi ya ubaguzi wa rangi mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa, serikali yake ikamvua uraia.

Marekani ilimpenda, ikampa tuzo ya Grammy. Halafu mwaka 1968 akaolewa na Stokely Carmichael, mwanaharakati wa haki za watu weusi. Maonyesho yakaanza kufutwa, mikataba ikavunjwa. Fikirini jambo hili: mtu mzima, mwenye jina lake na jasho lake, anaadhibiwa kwa siasa za mumewe! Walewale waliompigia makofi alipowasema makaburu walimgeuka alipojichagulia mume. Mimi naona hapo ndipo ilipodhihirika kwamba uhuru aliopewa ulikuwa na mipaka, na mipaka hiyo hakuiweka yeye.

Wakahamia Guinea kwa Rais Sékou Touré. Alipewa heshima kubwa, hata akawa mjumbe wa nchi hiyo Umoja wa Mataifa. Lakini katika mji mkuu wa nchi hiyohiyo, Conakry, palikuwa na gereza la Camp Boiro, ambamo Diallo Telli, Katibu Mkuu wa kwanza wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, alifia mwaka 1977. Nchi iliyomsitiri Makeba iliwatesa wana wake yenyewe. Simhukumu, aliyefungiwa mlango wa kwao hana anasa ya kuchagua pa kulala. Hata hivyo tunaompenda tusilifiche hilo, kwa sababu familia za waliofia mle nazo zinastahili kutajwa.

Ndoa na Carmichael ilivunjika. Mwaka 1985 akamzika Bongi, binti yake wa pekee, kisha akahamia Ubelgiji. Alirudi Afrika Kusini Juni 1990, baada ya Mandela kutoka jela, akaingia nchini mwake kwa pasipoti ya Ufaransa.

Aliporudi hakuishia kuimba. Alianzisha kituo cha kuwatunza wasichana walionyanyaswa, na nikikumbuka ile ndoa yake ya kwanza naona alijua vizuri anawafungulia mlango akina nani. Asanteni sana, sasa tupokee maswali.