Miezi Saba ya Jenerali Shields

Ndugu zangu, kila nikimtaja James Shields kuna mkono unaonyooshwa: "Si yule aliyetaka kupigana panga na Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais wa Marekani?" Ndiye. Ilikuwa 1842, panga zikaletwa, watu wakawapatanisha. Basi! Tumtazame mwenyewe, maana nimechoka kumsikia akitajwa kama mpita njia katika maisha ya mwenzake.

Alizaliwa Tyrone, Ireland, akaingia Marekani miaka ya 1820, akafundisha shule, akawa wakili Illinois. Vita vya Meksiko vilipokuja alikwenda akiwa jenerali. Aprili 1847, huko Cerro Gordo, risasi ilimwingia kifuani, ikatoboa pafu, ikatokea mgongoni. Husimuliwa kwamba tabibu wa Kimeksiko alipitisha kitambaa cha hariri katika tundu lile, kutoka mbele hadi nyuma, kukomba damu iliyoganda. Watu walishamhesabu maiti. Septemba hiyo hiyo yuko Chapultepec, anajeruhiwa tena.

Sasa nisikilizeni. Mwaka 1849 bunge la Illinois likamchagua seneta. Kufika Washington, akaulizwa hati ya uraia ni ya lini. Oktoba 1840. Katiba inamtaka seneta awe na miaka 9 ya uraia, na muhula ulianza Machi. Imepungua miezi saba! Seneti ikabatilisha uchaguzi wake.

Mtasema alionewa, kwamba kovu lile lilitosha kuwa hati. Mimi sikubali. Sharti lilikuwa limeandikwa tangu yeye hajazaliwa, naye alikaa nchini zaidi ya miaka kumi kabla ya kula kiapo cha uraia. Kwa hiyo nyinyi mlioko ughaibuni, mnaosema "hati ya uraia nitaishughulikia mwakani", nawasihi: ofisini hawasomi kovu, wanasoma tarehe. Shields alirudi Illinois. Oktoba ikafika, miaka 9 ikatimia, bunge likamchagua tena kwa kiti kile kile, akaenda akaketi.

Naona saa inanikimbiza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe naviacha. Minnesota lakini siwezi kuiruka: huko aliwaita Wairishi wenzake waje kulima, mji ukaitwa Shieldsville, na mwaka 1858 jimbo jipya likampeleka Seneti. Maseneta wawili wa jimbo hilo wakapiga kura ya bahati kuamua nani apate muhula mrefu na nani mfupi, akaangukiwa na ule mfupi, usiofika hata mwaka.

Na wenye ardhi je? Swali hilo huulizwa, na ni la haki. Ardhi ile ilikuwa ya Wadakota, wenyeji wa asili, ikatwaliwa kwa mikataba ya 1851. Mgeni aliyehesabiwa miezi mlangoni aliwakaribisha wageni wenzake katika nyumba ya mtu mwingine. Ukimsifu Shields, hilo nalo litaje.

Mwisho alihamia Missouri. Januari 1879 nayo ikampeleka Seneti, kumalizia wiki chache za muhula: jimbo la tatu, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifikia. Juni mwaka huo huo akafariki huko Ottumwa, Iowa, wakamrudisha Carrollton, Missouri, kumzika.