Namba Unayopiga Haipatikani: Simu na Mtandao Vinavyopotezana

Ndugu zangu, tuanze na simu hii iliyo mezani. Mistari minne ya mawimbi imejaa, juu imeandikwa 4G. Hata hivyo, anayeipiga anaweza kabisa kuambiwa "namba unayopiga haipatikani kwa sasa". Fundi mchanga hapo hukimbilia kulaumu mnara. Mistari hiyo inakwambia jambo moja tu, kwamba simu inausikia mnara. Haikwambii kama mnara nao unaisikia simu. Mnara hurusha kwa makumi ya wati, simu ya 4G mwisho wake ni wati 0.2 hivi. Ni mwadhini mwenye kipaza sauti na mtu anayemjibu kwa kunong'ona. Wala mistari haikwambii kama mtandao unajua simu iko wapi, na hapo ndipo penye kazi yetu leo.

Tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa kila siku: usajili na muunganisho. Usajili ni jina lako kuwemo kwenye daftari la mtandao. Muunganisho ni wewe na mnara kuwa mnaongea sasa hivi. Simu inaweza kuwa imesajiliwa kutwa nzima, na muda iliounganishwa, ukiujumlisha, usifike hata saa moja.

Ukiiwasha, simu husaka masafa inayoyajua, ikasoma matangazo ya kila seli, yaani kila sehemu inayohudumiwa na antena ya mnara, ikachagua moja, ikabisha hodi na kuomba kusajiliwa. Laini inathibitishwa kwa ufunguo wa siri uliomo ndani yake, ufunguo ambao hautoki kamwe. Ikikubaliwa inapewa jina la muda, orodha ya maeneo ya ufuatiliaji (kila eneo ni kundi la seli) yasiyozidi 16, na saa ya kuripoti, ambayo kwa kawaida ni dakika 54. Maana yake mtandao unaiambia: zunguka utakavyo ndani ya maeneo haya bila kuniaga, lakini kila baada ya dakika 54 niambie u hai.

Kazi ikiisha muunganisho unakatwa, mara nyingi baada ya sekunde 10 hivi za ukimya. Simu inatulia. Kutulia si kulala moja kwa moja: kila sekunde 1.28, huo ndio mpangilio wa kawaida, inafungua sikio kwa muda mfupi sana kusikiliza kama inaitwa, kisha inafunga. Katika hali hii simu hujichagulia seli yenyewe, na mtandao haujui uko chini ya mnara gani. Unajua eneo tu. Simu yako ikipigwa, mtandao unakuita kwenye minara yote ya eneo hilo, kama mtoto anavyoitwa mtaa mzima.

Sasa ukichomoa betri, simu haikupata nafasi ya kuaga. Ukiizima kwa kitufe, inaaga. Ndiyo maana simu iliyochomolewa betri mtandao huendelea kuidhani ipo: unaisubiri zile dakika 54, unaongeza 4 za uvumilivu, ndipo unapoanza kuihesabu kuwa haifikiki. Kabla ya hapo kila anayepiga anasubiri mtandao uite pasipo na mtu.

Kuhusu ukubwa wa eneo hakuna jibu la bure. Eneo likiwa kubwa, kila mwito unachosha minara mingi. Likiwa dogo, simu zinaripoti kila mara na chaji inaisha. Chukueni treni ya SGR kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, ambayo mwendo wake unafika kilomita 160 kwa saa. Hizo ni mita 44 kwa sekunde. Mpaka wa maeneo ukipita juu ya reli, simu za abiria wote zinauvuka ndani ya sekunde chache na zote zinabisha hodi kwa pamoja. Seli ya 4G ina alama 64 za kubishia hodi, na sehemu yake huwa imetengwa kwa kazi nyingine. Simu mbili zikiokota alama moja kwa wakati mmoja, zinagongana na zinaanza upya. Dawa yake ni kuwagawia abiria orodha zinazopishana, ili mpaka wa huyu usiwe mpaka wa yule.

Anayeongea na simu ndani ya treni hiyo yuko chini ya sheria nyingine. Sasa mtandao ndio unaoamua. Simu inapima na kuripoti tu. Mpangilio wa kawaida ni huu: seli jirani ikizidi ya sasa kwa desibeli 3 (kipimo cha nguvu za mawimbi) mfululizo kwa milisekunde 320, simu inaripoti, kisha inasubiri amri ya kuhama. Milisekunde 320 ni mita 14 za reli, bado hujahesabu safari ya ripoti na ya amri. Seli ya zamani ikififia kabla amri haijafika, simu inaivumilia, tuseme kwa sekunde moja, kisha inajaribu kujiunga upya na seli yoyote nzuri. Seli hiyo isipokuwa na taarifa zake, maongezi yamekatika. Mkipunguza sana zile milisekunde 320, simu itarukaruka baina ya minara miwili. Mimi kwa reli ningeanza na kupunguza muda, kisha nipime.

Turudi kwenye simu ya mezani. Kama haipigi sauti kupitia 4G yenyewe, mwito wa sauti lazima uishushe 3G au 2G. Wakati wa usajili mtandao wa 4G ulikisia kwamba ukiwa eneo hili la 4G, chini yake kuna eneo fulani la 2G, na ukaandikisha huko kwa niaba yako. Mtu anapiga, unaitwa kwenye 4G, simu inajibu, inashushwa. Inafika chini, inasoma matangazo na kukuta jina la eneo si lile lililoandikishwa. Kabla ya kupokea lazima iripoti upya, na sekunde zinapita. Eneo hilo likiwa chini ya mtambo mwingine kabisa wa kuunganisha simu, mwito unabaki ukisubiri kwenye mtambo wa zamani, na mpigaji anaambiwa hupatikani. Mistari yako bado minne. Kosa liko kwenye jedwali la kulinganisha maeneo ya 4G na ya chini, na kwa kawaida hujitokeza mpakani mwa maeneo, baada ya mtu kubadili upande mmoja akasahau wa pili.

Mmoja wenu ameuliza kwa nini hali ya ndegeni huponya. Ombi la usajili lisipojibiwa, simu husubiri sekunde 15, hupumzika 10, hujaribu tena. Likishindikana mara 5, inaacha kwa dakika 12. Wakati huo inaweza kuhamia 3G au 2G. Isipopata nafasi huko, inabaki imeandika simu za dharura tu, hata kama mnara ulishapona dakika ya pili. Ukiwasha hali ya ndegeni na kuizima, hesabu ya majaribio inarudi sifuri na simu inabisha hodi palepale.