Gemu za Brauza kwenye Laptopu ya Shule Bila Kupoteza Hatua Ulizofika

Karibuni tena wadau. Leo tuna laptopu ya shule, RAM GB 4, na gemu za kwenye brauza tu. Hatusakinishi kitu. Tovuti ikikushushia faili linaloishia na .exe, usilifungue, funga tabo. Ikidai uweke Flash, programu ya zamani ya kuendeshea gemu za brauza, ondoka pia: Adobe waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020.

Fungua Chrome, andika chrome://dino juu pale, Enter. Hii haili bando, imo ndani ya Chrome yenyewe. Spesi unaruka, mshale wa chini unainama. Ukifika alama 700 skrini inageuka usiku, endelea tu. Mimi hii naipenda kuliko zote, inapima vidole vyako, haipimi kompyuta.

Sasa za mtandaoni. Nafungua 2048, gemu ya kuunganisha namba, nacheza kwa mishale... ngoja kwanza. Mnaona inavyokwamakwama? Leta kamera huku chini. Chaji asilimia 18. Betri ikishuka hadi 20, Chrome inaanza kubana matumizi na kupunguza kasi ya picha. Na chaja nimechomeka! Aah, swichi ya ukutani haijawashwa. Haya, imeingia. Ona sasa inavyoteleza.

Ikikwama na chaji ipo, bonyeza Shift na Esc pamoja. Inakuja orodha ya kila tabo na kumbukumbu inayokula. Bofya juu ya safu ya kumbukumbu, kubwa zipande juu, chagua tabo usiyoihitaji, izime. Angalia usizime yenye kazi ya mwalimu ambayo hujaihifadhi. Halafu laptopu iwe mezani. Kwa joto letu la Januari, ukiilaza juu ya godoro matundu ya hewa yanaziba, prosesa inajipunguzia kasi.

Hapa tulieni, hapa ndipo watu wanalia. Gemu nyingi hazina akaunti. Hatua zako zinakaa ndani ya brauza ya laptopu hiyohiyo. Ukitaka kusafisha, Ctrl, Shift na Delete. Vinatokea visanduku. USIBONYEZE kufuta bado! Soma kwanza. Cha picha na faili za akiba, weka tiki. Cha kuki, ambacho kwa Kiswahili wameandika vidakuzi, toa tiki. Narudia: vidakuzi, toa tiki. Humo ndimo zilimo hatua zako, na zikifutika hazirudi. Angalia tena. Kimetoka? Sasa futa.

Dirisha la faragha nalo ni hivyohivyo, ukilifunga kila kitu kimekwenda. Na laptopu ya maabara mnayoingia kama wageni husafishwa mtu akitoka, kwa hiyo humo usianze gemu ndefu.

Gemu ikiwa imezuiwa na shule, muulize mwalimu wa maabara. Msiweke VPN za bure, zile za kukwepa kizuizi, ambazo huja pia kama viendelezi, yaani programu ndogo za kuongeza kwenye brauza. Kiendelezi ukikipa ruhusa ya kusoma kurasa zote, kinasoma na barua pepe yako.

Kwa mnaohamahama laptopu, chezeni chesi kwenye tovuti ya Lichess. Bure, haina matangazo, na ukifungua akaunti michezo yako inakaa kwao, hata laptopu ikifutwa. Naingia sasa, dakika 10 kila upande. Nimepewa nyeusi. Sogeza kamera, tuanze.