Kiingilio ni Kiasi Gani? Mhadhara kuhusu bei ya tiketi za bendi kubwa za roki

Assalaam alaykum, wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu nyote mliofika jioni hii hapa Mji Mkongwe. Nimeombwa nizungumzie muziki wa roki. Nimechagua jambo linaloniuma kuliko yote katika muziki huo, nalo ni pesa ya mlangoni.

Tuanze na mtoto wa hapa hapa. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, na mwaka 1964 familia yake ikahamia Uingereza. Dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury. Tarehe 18 Septemba 1976 yeye na wenzake wa bendi ya Queen walipiga katika bustani ya Hyde Park, katikati ya London, mbele ya watu wasiopungua laki moja na nusu. Kiingilio kilikuwa bure. Na hawakuwa bendi ya kutafuta jina, maana majira ya baridi yaliyotangulia wimbo wao ulikuwa umekaa namba moja Uingereza wiki tisa mfululizo. Watu walipotaka waongezewe nyimbo, polisi wakakataza kwa kuwa muda umepita, na umati ule ukatoka bustanini gizani, unapapasa njia.

Sisemi muziki uwe bure. Mpiga gitaa naye ana watoto. Ila nataka mlikumbuke umati huo wakati tunapopiga hesabu.

Tarehe 15 Agosti 1965 The Beatles walipiga katika uwanja wa Shea, New York. Waliingia watu 55,600, na tiketi ya juu kabisa ilikuwa dola 5.65. Ukiongeza mfumuko wa bei, hiyo ni karibu dola 60 za leo. Mwaka 1994 bendi ya Marekani, Eagles, waliporudiana, tiketi yao ikavuka dola 100, na wapenzi wao wakashtuka. Mchumi Alan Krueger aliwahi kuipima safari hii ya bei. Katika hotuba aliyoitoa Cleveland mwaka 2013 alisema kwamba kati ya 1981 na 2012 bei ya wastani ya tiketi ya onyesho Marekani ilipanda karibu asilimia 400, ilhali bei za vitu vingine kwa jumla zilipanda asilimia 150. Yaani tusidanganyane kwamba ni maisha tu yamepanda. Maisha yamepanda, na tiketi imeyaacha nyuma mbali sana.

Mimi nimekaa Manchester miaka tisa. Minne kati ya hiyo nilikuwa nakagua tiketi mlangoni mwa ukumbi mmoja mkubwa, Ijumaa na Jumamosi usiku. Ukumbi siutaji, wala bendi. Kazi yenyewe si ngumu: unashika kimashine, unamulika alama kwenye simu ya mteja, ikiwaka kijani anapita, ikiwaka nyekundu unamwita msimamizi. Usiku mmoja wa baridi kali akaja baba na binti yake, miaka kumi na miwili hivi. Binti alikuwa ameacha koti wazi katika baridi ile ili fulana ya bendi ionekane. Nikamulika, nyekundu. Nikamulika tena, nyekundu. Kumbe tiketi zile walizinunua mtandaoni kwa mlanguzi, na mlanguzi alikuwa ameziuza zaidi ya mara moja. Watu wengine wenye alama zilezile walikwishaingia. Baba akanionyesha risiti: pauni 310 kwa tiketi mbili ambazo kwa muuzaji wa kwanza zilikuwa pauni 130. Msimamizi hakuwa na la kufanya, ukumbi ulishajaa. Binti hakulia. Alipoelewa kinachoendelea, alifunga zipu ya koti mpaka kidevuni.

Neno mlanguzi, wazee wa hapa, mnalijua tangu siku zile sukari na sabuni zilipokuwa adimu. Kitu haba, bei ndogo, na mtu katikati anayekificha ili akuuzie kwa bei anayotaka yeye. Kwenye tiketi mambo ni yaleyale, isipokuwa mlanguzi wa leo hasimami nje ya uwanja na kofia. Ana programu za kompyuta zinazoingia dukani kabla yako na kuzoa tiketi kwa mamia. Marekani ilizipiga marufuku programu hizo kwa sheria mwaka 2016, na mpaka leo watu wanalalamika.

Sasa wenye biashara wakaja na hoja, na nataka niieleze kwa haki kwa sababu si ya kipuuzi. Wanasema: kama kuna mtu yuko tayari kulipa pauni 400, na mimi nauza 100, zile 300 zinakwenda kwa mlanguzi ambaye hajawahi kushika hata gitaa. Kwa nini zisije kwa bendi? Ndipo ikaanza bei inayopanda kufuata wingi wa wateja, kama usafiri wa kuita kwa simu mvua inaponyesha. Mwaka 2022 Bruce Springsteen, mwimbaji wa Marekani aliyejenga jina lake kwa kuimba maisha ya wafanyakazi wa viwandani, alitangaza ziara, na baadhi ya tiketi zikafika dola 5,000. Wauzaji wakajitetea kwamba hizo zilikuwa chache na nyingi ziliuzwa kwa bei zilizopangwa. Inawezekana. Lakini jarida la mashabiki wake, Backstreets, lililoanza mwaka 1980, lilifungwa Februari 2023, na wahariri wake wakasema wazi kwamba habari ile ya bei iliwavunja moyo. Miaka 43 ya mapenzi.

Jibu langu kwa hoja ile ni fupi. Ukimfukuza mlanguzi halafu ukakaa kwenye kiti chake, ulanguzi haujaondoka.

Nije kwenye bendi ya Oasis, maana hiyo ndiyo habari niliyoifuatilia kwa karibu kuliko zote. Ndugu wawili wa bendi hiyo, Noel na Liam Gallagher, walikulia Burnage, mtaa wa watu wa kawaida kusini mwa Manchester. Mama yao aligawa chakula cha mchana shuleni. Tarehe 10 na 11 Agosti 1996 walipiga katika uwanja wa wazi wa Knebworth, Uingereza. Waliingia watu 250,000 kwa siku mbili, na walioomba tiketi walizidi milioni mbili na nusu. Kiingilio kilikuwa pauni 22.50. Hata ukiongeza mfumuko wa bei hufiki pauni 60 za leo. Hebu tutulie hapo kidogo. Watu kumi wanagombea nafasi moja, na bei haikuguswa! Wangeweza kuuza mara tatu, mara nne, na uwanja ukajaa vilevile. Aliyepata alipata kwa kuwahi na kwa bahati. Fundi bomba na mtoto wa tajiri walipiga simu ileile, wakasikia mlio uleule wa kwamba laini inatumika.

Bendi ikavunjika mwaka 2009. Agosti 2024 wakatangaza kurudi, na Jumamosi ya tarehe 31 tiketi zikaanza kuuzwa. Foleni ya siku hizi ni namba kwenye skrini: mbele yako kuna watu laki kadhaa. Unaweka simu mezani, unapika, unarudi kuangalia, unaogopa hata kwenda chooni. Watu walikaa hivyo saa nyingi. Walipofika mbele, wengi wakakuta tiketi ya kusimama iliyotangazwa kuwa pauni 148.50 imekuwa 355.20, na saa inahesabu dakika chache za kuamua. Mtu ambaye amesubiri tangu asubuhi, na kadi ya benki iko mkononi, ni nani atakuwa na moyo wa kusema basi? Wengine walilipa kwa pesa ya kodi ya nyumba.

Bendi ilisema haikujua kwamba mtindo huo ungetumika, na kwamba mambo ya tiketi huyaacha kwa mameneja na waandaaji. Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ikafungua uchunguzi. Na hapa naomba masikio yenu, kwa sababu wengi tuliamini ni kompyuta iliyokuwa ikipandisha bei kila watu walipoongezeka. Uchunguzi haukukuta hivyo. Ulikuta kwamba tiketi za kusimama ziligawanywa mafungu mawili. Fungu la bei ya chini likauzwa kwanza, lilipokwisha likafunguliwa la bei ya juu, na waliokuwa kwenye foleni hawakuambiwa kwamba kuna mafungu mawili. Kulikuwa pia na tiketi zilizopewa jina la platinamu, karibu mara mbili na nusu ya bei ya kawaida. Mamlaka ikaona mnunuzi angeweza kudhani anapata kitu cha ziada, wakati hapati hata kiti bora. Septemba 2025 muuzaji, Ticketmaster, akakubali kuwaambia wateja saa 24 kabla kama kutakuwa na mafungu ya bei.

Kwangu mimi hilo ndilo kosa lenyewe. Ghali ninaweza kuivumilia. Nitasema siwezi, nitakaa nyumbani nisikilize redio. Hapa kwetu, bango la dansi au taarabu likibandikwa ukutani huwa na tarehe, ukumbi, na kiingilio. Ukitoka nyumbani unajua umebeba kiasi gani. Hata kwenye tamasha la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, Mtanzania halipi sawa na mgeni, lakini kila mmoja anaijua bei yake kabla ya kufika mlangoni. Kumwambia mtu bei baada ya kumsimamisha siku nzima ni kuutumia uchovu wake kama ndoana.

Kwa nini wamefika huko? Zamani bendi ilifanya ziara ili iuze santuri. Mwimbaji wa Uingereza, David Bowie, aliliona mapema: mwaka 2002 alisema muziki utakuwa kama maji ya bomba au umeme, na akawashauri wenzake wajiandae kwa ziara nyingi, kwa maana hilo ndilo litakalobaki. Imekuwa. Leo anayesikiliza mtandaoni anamletea msanii vijisenti, kwa hiyo jukwaa ndilo shamba. Na jukwaa lenyewe limekuwa jengo. Bendi ya U2 walipozunguka kati ya 2009 na 2011 walikuwa na majukwaa matatu makubwa ya chuma: moja linatumika, moja linajengwa mji unaofuata, la tatu linabomolewa mji uliopita. Gharama hizo ni za kweli, siwezi kuzikana. Lakini Krueger alionyesha pia kwamba mwaka 1982 asilimia moja ya juu ya wasanii ilichukua asilimia 26 ya mapato ya maonyesho, na mwaka 2003 ikachukua 56. Kwa hiyo pesa ipo, ila imekusanyika kileleni.

Halafu kuna mlango wenyewe, nani anaushika. Mwaka 2010 Ticketmaster, muuzaji mkubwa wa tiketi, aliungana na Live Nation, mwandaaji mkubwa wa maonyesho. Mwandaaji, muuzaji, na kumbi nyingi, wote nyumba moja. Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo ikitaka itenganishwe; kampuni ilikanusha kwamba imevunja sheria. Bendi ya Pearl Jam walipiga kelele hizi miaka thelathini kabla. Tarehe 30 Juni 1994 wawili wao, Stone Gossard na Jeff Ament, walikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kueleza kwamba wanataka tiketi iwe chini ya dola 20 na ada ya muuzaji isiyozidi dola 1.80, na hawawezi. Mwaka uliofuata walijaribu kuzunguka bila Ticketmaster, wakalazimika kutafuta viwanja vya pembeni, na ziara ikawashinda. Uchunguzi wa serikali juu ya Ticketmaster nao ukafungwa Julai 1995.

Wapo waliofanikiwa kidogo. Mwaka 2023 bendi ya The Cure waliweka tiketi za dola 20, mashabiki wakakuta ada zimeizidi tiketi yenyewe. Mwimbaji wao, Robert Smith, akalivalia njuga jambo lile hadharani mpaka Ticketmaster ikarudisha dola 10 kwa waliokata tiketi za chini na 5 kwa wengine. Bendi ya Fugazi ya Washington walishikilia kiingilio cha dola 5 kwa miaka mingi, na walikula wakashiba. Ireland ilipiga marufuku mwaka 2021 kuuza tena tiketi kwa bei inayozidi ya awali.

Na wapo wanaolipia kimyakimya, nao ni kumbi ndogo. Shabiki aliyetoa pauni 355 usiku mmoja hatatoka tena mwezi huo kwenda kusikiliza vijana wasio na jina. Oasis wenyewe walionekana na mwenye kampuni ya kurekodi katika ukumbi mdogo wa Glasgow, King Tut's, Mei 1993. Walipiga pia Moles, ukumbi mdogo wa mji wa Bath. Moles ulifungwa Desemba 2023. Coldplay waliahidi asilimia 10 ya mapato ya maonyesho yao ya Wembley na Hull, Uingereza, ya mwaka 2025 ziende kwa kumbi za aina hiyo, na ninawashukuru kwa dhati, lakini hiyo ni hisani ya bendi moja.

Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba nayo itaharamisha kuuza tena tiketi kwa bei ya juu kuliko ya awali. Niliposikia nilimkumbuka yule binti na zipu yake, nikafurahi. Kisha nikasoma tena tangazo lile taratibu. Linambana mlanguzi. Bei ya awali yenyewe, ile anayoipanga muuzaji wa kwanza, halijaigusa. Anaweza kuandika 148, anaweza kuandika 355, anaweza kugawa mafungu kumi, mradi aseme.

Nimemaliza upande wangu. Nimeona mkono kule nyuma. Karibu mama, uliza.