Jengo Lisimame Wima: Kwa Nini Bado Nafanya Kazi kwa Filamu Kubwa

Mbukwenyi. Wazee wangu shikamooni. Vijana wa studio na vijana wa simu, karibuni nyote.

Walioniita wametangaza kwamba nitazungumzia filamu kubwa, ile ya kupigia picha kipande kimoja kimoja, katika kazi ya kulipwa. Wanaonifahamu wanajua nitaanzia kwenye timazi, ile kamba yenye uzito ambayo fundi mwashi hupimia ukuta kama uko wima, na huenda muda ukaniishia hapo hapo.

Miaka mingi nyuma mkandarasi mmoja aliniita nipige picha jengo la ghorofa nne alilokuwa amelimaliza hapa mjini Dodoma. Nikaenda na kamera ndogo, nikasimama ng'ambo ya barabara, jengo halikuenea. Nikainua kamera ielekee juu, likaenea, nikabonyeza. Mwenye kazi aliridhika na picha. Aliyezikataa ni fundi mwashi, mzee mmoja aliyekuwa bado anakusanya vyombo vyake. Alishika picha muda mrefu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, kuta hizi nimezipima kwa timazi mimi mwenyewe tangu msingi. Wewe umezilaza kwa nini?"

Nikaangalia. Kweli, kuta zilikuwa zinakaribiana kadiri zinavyopanda, na jengo zima limeegemea nyuma kama linataka kukaa chini. Sikuwa na la kumjibu. Kazi ya mtu ya zaidi ya mwaka nilikuwa nimeipindisha kwa kubonyeza mara moja, tena kwa malipo. Swali lake ndilo lililonipeleka kwenye kamera hii mnayoiona mezani, yenye mvukuto kama wa mhunzi.

Siri yake si ngumu. Ukuta unabaki wima kwenye picha endapo mgongo wa kamera, pale filamu inapokaa, umesimama wima kama ukuta wenyewe. Basi naweka pima maji, ile ile ya fundi, nanyoosha mgongo wa kamera, halafu siugusi tena. Kama paa halijaingia, napandisha lenzi peke yake kwenye reli yake. Lenzi hizi hutupa duara la picha pana kuliko filamu, kwa hiyo nafasi ya kupanda ipo. Paa linaingia, barabara inapungua chini, kuta hazijayumba.

Kuna kijana pale nyuma anatikisa kichwa. Najua: kompyuta inanyoosha. Ndiyo, inanyoosha, kwa kuvuta sehemu ya juu kama chapati na kukata pembeni. Ulichokivuta hakina undani mpya, na kilichokatwa hukukipanga ulipokuwa umesimama pale. Mwingine atasema kamera ndogo nazo zina lenzi za kusogea. Zipo, ni nzuri, mwenye nazo azitumie. Ugomvi wangu ni na yule anayeinua kamera bila kuwaza, akiamini atarekebisha nyumbani. Mji huu tangu 1973 uliamuliwa kuwa makao makuu, na siku hizi kila mwezi kuna jengo jipya linalopigwa picha likiwa limelala chali. Inaniuma. Mafundi wetu hawakujenga hivyo.

Tuje kwenye filamu yenyewe. Kipande kimoja ni inchi 4 kwa 5, eneo lake karibu mara 15 ya ile ya mkanda wa kawaida wa milimita 35. Ukikuza picha ifunike ukuta wa ofisi, unaona mpaka mistari ya plasta. Kasha moja hubeba vipande 2, mbele na nyuma. Mimi nina makasha 6, basi siku nzima ni picha 12. Ghali? Ghali kweli. Gharama hiyo naiandika kwenye profoma, mstari wake peke yake, na mteja anajua kabla. Harusi na mikutano napiga kwa kamera ya kidijitali kama ninyi. Filamu kubwa naitoa pale mteja anapotaka kumbukumbu ya jengo, na pale ambapo kitu kinachopigwa hakikimbii.

Dakika zimekwenda, naona mratibu ananyanyua mkono. Nitaje haraka. Upepo wa hapa wakati wa kiangazi: mvukuto ni tanga, nenda alfajiri, na futa makasha vumbi kabla ya kuyajaza, kwani kila chembe ni doa jeusi kwenye picha. Kusafisha, yaani kuitoa picha kwenye filamu kwa dawa: dawa nyingi za filamu nyeusi na nyeupe hupimwa kwa nyuzi 20, na maji ya tangi jeusi la juu ya paa mwezi wa kumi yanaunguza mkono. Barafu, na kipimajoto, kila mara. Miamba iliyoinama kama ile ya michoro ya Kolo, kule Kondoa, inataka kuinamisha lenzi ili mwamba wote ukae kwenye fokasi. Kanuni yake inaitwa kwa jina la Theodor Scheimpflug wa Austria, aliyeiandikia hataza mwaka 1904. Hiyo inahitaji siku yake, leo naiacha.

Maswali nitajibu hapa mezani. Kamera imefungwa, imeelekea jengo la ng'ambo. Ingieni chini ya kitambaa cheusi mmoja mmoja, wazee watangulie. Kwenye kioo mtaliona limepinduka, paa chini na kushoto kumekuwa kulia. Jicho huzoea baada ya muda. Anzeni kwa kuangalia pembe za kuta. Na tafadhalini, msiegemee stendi, nimeshaweka pima maji.