Mwanga Mpana wa Infraredi ya Kati Ndani ya Nyuzi za Kioo

ASHA: Karibuni wasikilizaji wetu wa Kigoma na wa kwingineko. Mwalimu, mkongo wa taifa wa mawasiliano umefika hapa kwetu na nyuzi zake ni za kioo cha silika. Kwa nini kioo hicho hicho kisitumike kuzalisha mwanga mpana, yaani wenye mawimbi mengi kwa pamoja, wa infraredi ya kati, ule usioonekana kwa macho ambao mawimbi yake ni marefu kuliko ya mwanga tunaouona?

MWALIMU: Ahsante, dada Asha. Silika hupitisha vizuri sana mwanga wenye urefu wa wimbi wa mikromita 1.55 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), ambapo upotevu ni takribani desibeli 0.2 tu kwa kilomita, lakini ukivuka kama mikromita 2.4 kioo chenyewe huanza kuumeza mwanga. Vifungo vya silikoni na oksijeni hutetemeka, nishati ikageuka joto. Ndiyo maana wataalamu hutafuta vioo vyenye atomi nzito na vifungo legevu, ambavyo mitetemo yake ni ya polepole zaidi. Kuna vioo vya floraidi, vilivyogunduliwa Rennes, Ufaransa, katikati ya miaka ya 1970, na kuna vya kalkojenidi, yaani vyenye salfa, seleniamu au teluri, ambavyo hufika mbali zaidi.

ASHA: Na mwanga huo tunautakia nini hasa?

MWALIMU: Molekuli nyingi humeza mwanga katika eneo hilo, kila moja mahali pake. Methani humeza karibu na mikromita 3.3 na kabonidayoksaidi karibu na 4.26. Tuchukue mawese yetu: mafuta mazima humeza kwa nguvu karibu na mikromita 5.73, ila yanapochakaa na asidi za mafuta zikaachana na gliseroli, molekuli inayozishika pamoja, alama nyingine hujitokeza karibu na 5.85. Mnunuzi hupima kwa rangi na harufu, lakini mwanga huigusa molekuli yenyewe. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara nao wametumia infraredi ya kati kutambua vimelea vya malaria katika matone ya damu yaliyokaushwa, na kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2019.

ASHA: Leza hutoa rangi moja. Huo upana wa mawimbi mengi unatoka wapi?

MWALIMU: Hapo ndipo kiini cha jambo. Mpigo mfupi wa leza, wa mamia machache ya femtosekunde (femtosekunde ni sehemu ya milioni ya bilioni ya sekunde) au chini yake, una nguvu kubwa kiasi cha kubadilisha, kwa muda unapopita, jinsi kioo kinavyopinda mwanga. Badiliko hilo huurudia mpigo wenyewe na kuuzalia mawimbi mapya. Alfano na Shapiro walilionyesha jambo hili mwaka 1970 katika vipande vya kioo na fuwele. Kioo cha arseniki na seleniamu huitikia kwa nguvu mamia ya mara kuliko silika, kwa hiyo sentimita chache hutosha.

ASHA: Basi mtu akipata kioo hicho na leza, kazi imekwisha?

MWALIMU: Haijaisha, na nadhani hapa ndipo wengi huteleza. Ndani ya mpigo mmoja kuna mawimbi mengi yenye mwendo tofauti, kama mitumbwi iliyoondoka Kibirizi kwa wakati mmoja ilhali kila mmoja una injini yake. Mpigo ukitawanyika, nguvu yake hupungua na uzalishaji wa mawimbi mapya hudhoofika. Kila kioo kina urefu wa wimbi ambapo mtawanyiko huo hufikia sifuri. Kwa silika ni karibu mikromita 1.27, lakini kwa kioo cha arseniki na seleniamu ni karibu 7, mahali ambapo leza za kawaida hazifiki. Msaada hutoka kwenye umbo la njia ya mwanga: kiini, yaani sehemu ya katikati ya uzi, kikiwa chembamba na kioo kinachokizunguka kikiwa tofauti nacho vya kutosha, sifuri hiyo husogea kwenye mawimbi mafupi. Mwaka 2014 kundi lililoongozwa na watafiti wa Denmark lilitumia uzi wenye urefu wa sentimita 8.5 na kiini cha mikromita 16, wakaulisha mapigo ya mikromita 6.3, kidogo tu kuelekea mawimbi marefu kutoka kwenye sifuri yake, wakapata mwanga kuanzia mikromita 1.4 hadi 13.3.

ASHA: Uzi wenyewe unaonekanaje?

MWALIMU: Ni mweusi, kwa sababu kioo hicho hakipitishi mwanga tunaouona kwa macho. Tena ni mwepesi kukatika, na ncha yake isiyopakwa kitu hurudisha zaidi ya asilimia 20 ya mwanga unaoingia, ilhali silika hurudisha kama 3.5. Ukiongeza nguvu ili kufidia, ncha inaweza kuungua. Hidrojeni kidogo iliyobaki ndani yake nayo humeza mwanga na kuchimba pengo karibu na mikromita 4.5, kwa hiyo usafi wa malighafi ni nusu ya kazi.

ASHA: Sasa mkamuaji wa mawese hapa Kigoma anauhitaji uzi huu?

MWALIMU: Kwa kupima mafuta ya chupa nzima hahitaji, kipimo cha infraredi chenye chanzo cha joto kinatosha, na ndicho ningemshauri. Uzi huu hufaa pale unapotaka mwanga mkali uliokusanywa kwenye nukta ndogo, kama chembe moja ya damu chini ya darubini, kwa sababu chanzo cha joto humwaga mwanga wake pande zote na hakiwezi kukusanywa kwa kiwango hicho.